Kuvuta Gari na Kufungasa Chombo kwa Kamba: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali ninayoulizwa kuhusu kamba za kuvutia hayabadiliki. Kamba ya manila inafaa? Iwe nene kiasi gani? Niifunge wapi kwenye gari? Mbona ilikatika ilhali ilikuwa mpya? Leo anayeuliza ni dereva aliyeharibikiwa na gari njiani, kesho ni kijana aliyenunua boti ya faiba na mashine yake ikamzimikia katikati ya mkondo. Nimeona heri niyajibu yote mahali pamoja, kwa kuwa gari na chombo cha majini, pamoja na tofauti zao zote, huvutwa (kwa chombo husemwa kufungasa) kwa kanuni moja: kinachokata kamba mara nyingi si uzito wa kinachovutwa, bali ni mshtuko wa kamba iliyolegea inapokazika ghafla.

Chukua gari dogo la tani moja na nusu. Likiwa juu ya lami tambarare na matairi yake yakizunguka vizuri, linahitaji mvuto wa kilo 30 hivi tu ili liendelee kwenda, ndiyo maana watu wawili huweza kulisukuma hadi pembeni. Gari hilo hilo, kamba ikiachwa ilale chini kisha anayevuta akaondoka kwa kishindo, linaweza kuidai kamba ile tani kadhaa kwa muda wa kufumba na kufumbua. Ukilielewa hili, hatua zote zilizo hapa chini utaziona zina sababu.

Kuchagua kamba

Dukani karibu kila kamba ya plastiki huitwa manila. Jina hilo lilikuwa la kamba zilizosokotwa kwa nyuzi za abaka kutoka Ufilipino, na siku hizi limehamia kwenye kamba za plastiki za kila rangi, kwa hiyo jina peke yake halikuambii unanunua nini. Fanya jaribio dogo kabla ya kulipa. Omba kipande kifupi, kitumbukize ndani ya ndoo ya maji na ukikamue humo humo ili hewa itoke. Kikielea, hiyo ni polipropilini au jamaa yake. Kikizama, hiyo ni nailoni au poliesta.

Kwa kazi ya kuvuta, chaguo langu la kwanza ni nailoni. Hurefuka inapobeba nguvu na kurudi inapoachiwa, na kule kurefuka ndiko kunakomeza mshtuko usifike kwenye chesisi ya gari au kwenye mbao za chombo. Kasoro zake ni kwamba inazama, na ikilowa hupoteza kiasi cha sehemu moja ya kumi ya nguvu zake au zaidi kidogo. Poliesta nayo ni imara na huvumilia jua, lakini hairefuki sana. Ni kamba nzuri ya kufungia, si nzuri sana ya kuvutia. Polipropilini, ambayo ndiyo ile manila ya buluu, ya kijani au ya manjano, ni rahisi kupatikana na inaelea, jambo linalosaidia majini kwa sababu unaiona ilipo na haizami chini ya mashine. Hata hivyo ina nguvu pungufu, mafundo yake huteleza, jua huila, na msuguano mkali huiyeyusha kwa kuwa inayeyuka kwenye joto la nyuzi 165 hivi tu.

Ili uone tofauti, kamba mpya ya nailoni ya misokoto mitatu yenye unene wa milimita 16 hukatika kwenye mvuto wa tani 5 hivi, na ya milimita 24 hufika takriban tani 12. Polipropilini ya milimita 16 huishia kwenye tani 3 na nusu hivi. Kumbuka kwamba hesabu hizo ni za kamba mpya isiyo na fundo. Fundo lolote hupunguza theluthi moja ya nguvu au zaidi, ilhali jicho, yaani kitanzi cha mwisho wa kamba, lililosukwa vizuri na fundi hupoteza kidogo sana. Ukiweza kusukiwa jicho kwenye kila mwisho wa kamba, fanya hivyo, hata kama utalipia kazi ya mikono.

Kwa gari, lenga nguvu ya kukatika ambayo, baada ya kutoa hasara ya fundo, inabaki karibu mara tatu ya uzito wa gari linalovutwa pamoja na mzigo wake. Kwa nailoni, hesabu hiyo inakupa milimita 16 kwa gari la tani 1.2, milimita 20 kwa gari la tani 1.8, na milimita 24 kwa gari la tani 2.5. Kwa boti ya faiba ya mita 6 hadi 8, nailoni ya milimita 16 inatosha, ila iwe ndefu.

Neno moja kuhusu kamba za asili, kwa sababu wengi bado wanazo nyumbani. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na inasimuliwa kwamba ni miche 62 tu iliyofika hai. Kutoka hapo Tanga ikajulikana dunia nzima kwa katani. Naipenda kamba ya katani kwa kufungia mizigo. Kwa kuvuta gari siishauri, kwa kuwa ya milimita 16 haifiki hata nusu ya nguvu za nailoni ya unene huo, na ikilowa ikahifadhiwa mbichi huoza kwa ndani huku nje inaonekana nzima. Kamba ya makumbi, ile inayosokotwa na akina mama wa Paje na Jambiani baada ya makumbi kufukiwa miezi mingi kwenye mchanga wa pwani, ni dhaifu zaidi ya katani, lakini inaelea na inarefuka sana. Mabaharia wa zamani waliithamini kwa kufungasia kwa sababu hizo mbili hasa, na sababu hizo bado ni sahihi leo.

Waya wa chuma na mnyororo usivitumie kuvutia gari kwa gari. Havirefuki, kwa hiyo kila mshtuko unafika mzima, na vikikatika vinarudi na uzito wa kuua.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwa gari, uwe na kamba ya mita 6 hadi 8, pete ya kuvutia ya gari lako, glavu za ngozi, kitambaa chekundu au cheupe cha kufunga katikati ya kamba, pembetatu za tahadhari, na gunia au blanketi zito. Kwa chombo, uwe na kamba ya mita 50, kamba nyembamba ya kurushia ya mita 15 hadi 20, kipande cha kamba cha mita 5 cha kutengenezea hatamu nyuma ya boti, jaketi okozi kwa kila aliyemo, tairi kuukuu mbili za kuning'iniza ubavuni, na kisu kikali ambacho mtu mmoja atakishika tangu mwanzo hadi mwisho. Kisu kilichofungiwa ndani ya sanduku si kisu.

Jifunze pia fundo moja kabla hujahitaji, nalo ni kitanzi kisichojikaza. Acha urefu wa mkono mzima kutoka mwisho wa kamba. Hapo fanya duara dogo, upande wa mwisho ukipita juu ya upande mrefu. Ingiza mwisho wa kamba ndani ya duara kutoka chini kuja juu, uzungushe nyuma ya kamba ndefu, kisha uurudishe ndani ya duara lile lile kutoka juu kwenda chini. Kaza kwa kuvuta kamba ndefu upande mmoja, na mwisho pamoja na mguu wa kitanzi upande wa pili. Mkia unaobaki usipungue shubiri moja. Fundo hili halijikazi juu ya chuma, na kazi ikiisha hufunguka kwa vidole hata kama lilibeba tani mbili. Lifanye mara ishirini sebuleni, kisha mara tano gizani.

Hatua za kuvuta gari barabarani

1. Hakikisha gari linaruhusiwa kuvutwa matairi yote yakiwa chini. Gari la gia za mkono kwa kawaida halina shida likiwekwa fri. Gari la otomatiki lisome kwenye kitabu chake, kwa sababu gia zake hupata mafuta kwa pampu inayoendeshwa na injini, na injini ikiwa imezimwa zinazunguka bila kulainishwa. Watengenezaji wengi huweka mpaka wa kilomita 50 kwa saa na umbali usiozidi kilomita 50, na wengine hukataza kabisa. Magari ya mseto wa petroli na umeme, pamoja na yale ya umeme mtupu, yabebwe juu ya lori. Matairi yake yakizunguka, mota huzalisha umeme hata kama gari limezimwa.

2. Chagua anayevuta. Gari linalovuta lisiwe jepesi kuliko linalovutwa, na dereva mzoefu zaidi kati yenu akae kwenye gari linalovutwa, si kwenye linalovuta. Watu wengi hufanya kinyume. Kazi ngumu iko nyuma, kwa sababu aliye nyuma ndiye anayeiweka kamba ikiwa imekazika muda wote.

3. Tafuta mahali halisi pa kufungia. Magari mengi yana pete ya kuskrubu inayowekwa pamoja na jeki, na tundu lake liko nyuma ya kifuniko kidogo kwenye bampa. Iskrubu hadi mwisho na uikaze kwa spana ya tairi. Baadhi huzunguka kinyume cha skrubu ya kawaida, kwa hiyo usiilazimishe. Tahadhari hii iwahusu hasa wenye magari yaliyoletwa kutoka Japani yakiwa yametumika: vile vishikio vyembamba vilivyo chini ya gari mara nyingi viliwekwa ili kulifunga gari ndani ya meli, si kulivuta. Usifunge kwenye bampa, kwenye ekseli, kwenye mkono wa usukani, wala kwenye kichwa cha mviringo cha kuvutia treila. Kichwa hicho kikikatika kwa mshtuko huruka kama risasi, na kimekwisha kuua watu.

4. Funga kamba upande ule ule kwa magari yote mawili, yaani kama pete ya linalovutwa iko kulia, funga kulia kwa linalovuta pia ikiwezekana. Acha umbali wa mita 4 hadi 5 kati ya magari. Pungufu ya hapo huna nafasi ya kusimama. Zaidi ya hapo madereva wengine watajaribu kuingia katikati. Funga kitambaa chako katikati ya kamba.

5. Washa swichi ya gari linalovutwa hadi usukani ufunguke na taa zifanye kazi. Ufunguo ukitolewa, usukani hujifunga kwenye kona ya kwanza. Ikiwa injini inawaka, iache iwake. Ikiwa haiwaki, ujue kwamba breki itakubali kukanyagwa kwa wepesi mara mbili au tatu tu, kisha itakuwa ngumu sana na itahitaji mguu wenye nguvu. Usukani nao utakuwa mzito. Mjaribu mkiwa bado mmesimama ili dereva asishtuke mbele ya safari.

6. Kubalianeni ishara. Honi moja ndefu ni kusimama, honi mbili fupi ni kuondoka. Kubalianeni pia njia mtakayopita na mahali pa kupumzika, kwa sababu mkishaondoka hamtasikilizana.

7. Watoe watu wote kwenye eneo la kamba. Abiria washuke. Asiwepo mtu anayevuka juu ya kamba wala anayesimama karibu nayo kwa umbali unaopungua mara moja na nusu ya urefu wake.

8. Kaza kamba polepole. Anayevuta asogee kwa gia ya kwanza kama anayekwepa yai, asimame kamba inapoacha kugusa ardhi, kisha ndipo aondoke. Hii ndiyo hatua inayookoa kamba, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

9. Nendeni kwa kasi isiyozidi kilomita 30 kwa saa, taa za tahadhari zikiwaka kwenye magari yote mawili. Aliye nyuma aiangalie kamba, si mandhari. Akiona inaanza kulegea, aguse breki kidogo hadi ikazike tena. Aliye mbele abadilishe gia taratibu, asiongeze mafuta kwa ghafla, na aanze kupunguza mwendo mapema kwa kuachia mafuta kabla ya kugusa breki.

10. Kwenye mteremko, aliye nyuma ndiye anayewafungia breki wote wawili. Hilo linawezekana kwenye mteremko mfupi. Kwenye mlima mrefu kama Kitonga au barabara ya kushuka Lushoto, kamba haifai hata kama breki ni nzima, kwa kuwa breki isiyosaidiwa na injini itachemka na kushindwa. Hapo subiri bredauni.

Gari lililonasa kwenye tope au mchanga

Kuvuta na kunasua ni kazi mbili tofauti, na kamba nyingi hukatika kwa sababu mwenye gari alidhani ni moja. Gari lililozama hadi nusu ya tairi linaweza kudai mvuto unaolingana na uzito wake wote, na likilalia chesisi hudai zaidi. Kwa hiyo jembe hutangulia kamba. Chimba mbele ya kila tairi kwa mteremko mwepesi, toa tope lililokumbatia ekseli, tandika matawi au mbao, na kwenye mchanga punguza upepo wa matairi hadi takriban nusu ya kawaida. Kwa kawaida ni rahisi zaidi kulitoa gari kwa njia lililoingilia kuliko kulivusha mbele.

Ukifika kwenye kuvuta, weka gunia lililolowa au blanketi katikati ya kamba ili ikikatika iangushwe chini, inua kofia ya injini ya gari lililo karibu na kamba ikiwa haimzuii dereva kuona, na uvute kwa mstari ulionyooka. Anayevutwa azungushe matairi taratibu kwa gia ya chini ili asaidie. Jaribu mara tatu. Ikishindikana, rudi kwenye jembe, usiende kwenye kuongeza mafuta. Ile desturi ya kurudi nyuma na kukimbia ili kamba ishtue gari litoke ina vifaa vyake maalumu, yaani mikanda na kamba zilizotengenezwa kurefuka sana. Ukiifanya kwa kamba ya kawaida unaibomoa kamba, gari, au mtu.

Hatua za kufungasa chombo

1. Anza na watu. Hesabu waliomo kwenye chombo kilichoharibika, hakikisha wamevaa jaketi okozi, na uulize kama kinavuja. Ikiwa kinazama au kinaungua, wachukue watu na ukiache chombo. Mwenye redio ya VHF aite msaada kwenye chaneli ya 16, na mwenye simu yenye mtandao apige 112.

2. Kubalianeni na nahodha wa chombo kile mnaelekea wapi, kwa mwendo gani, na ishara za mkono. Taja jina la atakayeshika kisu upande wako na upande wake.

3. Tulia kidogo uangalie vyombo viwili vinavyosukumwa na upepo na mkondo. Chombo chepesi kitakwenda upesi kuliko kizito. Kisha mkaribie polepole, omo yako (sehemu ya mbele ya chombo) ikielekea upepo unakotoka, upite kando ya omo yake kwa mita chache, mahali ambapo upepo hautakusukuma ukamgonge.

4. Rusha kamba nyembamba kwanza, ikiwa na kifuko cha mchanga au chupa ya plastiki yenye maji kidogo mwishoni. Usifunge jiwe. Kamba nene ifuate ikivutwa na ile nyembamba. Mashine iwe fri wakati wote kamba ikiwa majini karibu nawe.

5. Kwenye chombo kinachovutwa, funga kwenye pete ya chuma iliyo chini kwenye pua ya boti, ile inayotumika kuipandisha kwenye treila, kwa sababu iko chini na mvuto wake huinua omo. Vigingi vidogo vya juu vilivyoshikwa kwa skrubu nyembamba vitang'oka. Kwenye mashua ya mbao, zungusha kamba kwenye shina la mlingoti, ikipita katikati ya omo, na ufunge kitambaa kinene kila inapogusa mbao ili isisagike.

6. Kwenye chombo kinachovuta, usifunge kwenye pembe moja ya tezi (sehemu ya nyuma ya chombo) wala kwenye mashine. Chukua kile kipande cha mita 5, kifunge kwenye vigingi viwili vya nyuma, kulia na kushoto, kiwe hatamu, kisha uunge kamba ya kuvutia katikati yake. Upande wako kamba ifungwe kwa namna ya kuweza kuachiwa ikiwa imekazika, yaani mizunguko ya nane kwenye kigingi, si fundo la kukaza. Kitanzi nilichoeleza hapo juu hakifunguki chini ya mzigo, kwa hiyo mahali pake ni kwenye chombo kinachovutwa.

7. Ondoka polepole mno huku mtu akiiachia kamba kidogo kidogo, asiizungushe mkononi na asisimame ndani ya duara lake. Nailoni inazama, na ikiachwa ilegee itakwenda moja kwa moja kwenye parapela yako, na hapo mtakuwa wawili mnaohitaji msaada.

8. Rekebisha urefu kwa kutazama mawimbi. Lengo ni kwamba vyombo vyote viwili viwe juu ya wimbi kwa wakati mmoja na bondeni kwa wakati mmoja. Wewe ukipanda huku mwenzako anashuka, kamba italegea na kukazika kila mara, na huo ndio mshtuko tuliouzungumzia. Bahari ikiwa na mawimbi, mita 30 hadi 50 ni kawaida. Kama bado inashtua, ning'iniza kitu kizito katikati ya kamba, kwa mfano nanga ndogo iliyofungwa barabara. Uzito wake huifanya kamba iwe na tumbo, na tumbo hilo hunyooka kabla mvuto haujafika kwa ukali.

9. Waliomo kwenye chombo kinachovutwa wasogee nyuma ili omo inyanyuke. Mashine yake ibaki chini na imenyooka, kwa sababu mguu wake hukisaidia chombo kisiyumbe. Chombo chenye usukani kikufuate kwa usukani.

10. Mwendo uwe mdogo kuliko unavyotamani. Boti ya mita 6 isiyoweza kupanda juu ya maji hufika mwisho wa kasi yake ya asili kwenye noti (maili za baharini kwa saa) 6 hivi, na ikilazimishwa zaidi huanza kuchimba maji kwa omo au kupinduka. Noti 3 hadi 4 zinatosha. Kona zote ziwe pana. Kamba ikikuvuta kutoka ubavuni badala ya nyuma, ni wewe unayevuta utakayepinduka.

11. Ukikaribia bandari au ufuko, punguza mwendo, fupisha kamba, au ukitaka udhibiti zaidi, mfunge ubavuni mwako kwa kamba za mbele, nyuma na za mshazari, tairi zikiwa katikati, tezi yako ikiwa imerudi nyuma kupita yake ili mashine yako iweze kugeuza vyombo vyote viwili. Ubavuni ni kwa maji yaliyotulia tu.

Kuhusu chombo kilichopanda fungu la mchanga: mara nyingi hakihitaji kamba bali subira. Maji hujaa na kupwa kwa kiasi cha saa sita kila upande, kwa hiyo peleka nanga kwenye kina, ikaze amari (kamba ya nanga), na usubiri yapande. Kilichokwama maji yakiwa yamejaa siku za bamvua, yaani zile ambazo maji hujaa na kupwa zaidi, ndicho chenye haraka, kwa sababu kila siku inayofuata maji yatajaa kidogo kuliko jana kuelekea maji mafu.

Matatizo yanayotokea na namna ya kuyatatua

Kamba imekatika. Usiiunge mkaondoka hapo hapo. Tazama ilipokatikia. Ikiwa ni kwenye fundo, kamba ilikuwa nyembamba kwa kazi ile. Ikiwa ni mahali ilipogusa bampa au ukingo, ilisagika, na dawa yake ni kitambaa kinene au kipande cha mpira wa maji. Ikiwa ni katikati na nyuzi zake zimeyeyuka au zinatoa unga, kamba ni kuukuu, na kipande kilichobaki nacho kitakatika.

Kamba ni fupi. Unga mbili kwa kupitisha kitanzi cha moja ndani ya kitanzi cha nyingine. Usiweke kiungo cha chuma katikati, kwa kuwa kamba ikikatika chuma hicho hurushwa.

Fundo limekaza halifunguki. Sukuma kamba ndefu iingie ndani ya fundo, ulipinde huku na huku, na ulilowanishe kama ni katani. Usitumie bisibisi, inakata nyuzi.

Gari linalovutwa linakimbilia linalovuta. Aliye nyuma ameacha breki au breki imekuwa ngumu. Simameni. Kama mguu hautoshi, safari ya kamba imekwisha.

Unasikia harufu ya klachi ya gari linalovuta. Mzigo ni mkubwa au hendibreki ya gari la nyuma imeshika. Gusa rimu za gari la nyuma kwa uangalifu. Ya moto kuliko nyingine ndiyo yenye breki iliyoshika.

Chombo kinachovutwa kinayumba kulia na kushoto. Punguza mwendo, sogeza watu nyuma zaidi, badilisha urefu wa kamba, na ikishindikana kiburute ndoo au kapu nyuma yake.

Kamba imeingia kwenye parapela. Zima mashine na utoe ufunguo kabla ya mtu yeyote kuigusa. Inua mashine, zungusha parapela kwa mkono kinyume cha ilivyokuwa ikizunguka huku ukivuta kamba, na ukate ukishindwa. Tupa nanga kwanza ikiwa upepo unakupeleka mwambani.

Nailoni inalia na kutoa mlio wa kukwaruza ikiwa imekazika. Inakuambia imekaribia mwisho. Punguza mvuto mara moja, na usiende kuitazama kwa karibu.

Kutunza kamba

Baada ya kazi ioshe kwa maji matamu utoe chumvi na mchanga, kwani chembe za mchanga hukata nyuzi kutoka ndani. Ianike kivulini. Isikae karibu na betri ya gari, kwa sababu asidi huila nailoni bila kubadilisha umbo lake. Kila baada ya miezi michache ifunue misokoto yake kwa vidole: ndani pakiwa pasafi na pang'avu, bado ni kamba, pakiwa na unga, weusi, au nyuzi zilizokatika, ikate vipande vifupi vya mita moja moja vya kufungia mizigo, ili mwingine asije akaiona ni ndefu akaivutia gari.